Land Rover ya Marehemu Ilipotaka Kutuachanisha

Huku Kigoma ziwa limetulia, migebuka ipo, na mimi na mume wangu bado tuko pamoja. Nasema “bado” kwa sababu mwaka 2020 nusura gari lituachanishe. Na wala si gari la kutembelea mjini umevaa miwani myeusi. Ni Land Rover 109 ya miaka ya sabini, mali ya marehemu baba mkwe wangu, inayokunywa petroli kama wageni wa harusi wanavyokunywa soda.

Tuelewane kwanza. Tanzania hatukufungiwa ndani. Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa Machi 16, 2020, shule zikafungwa, lakini masoko, barabara na nyumba za ibada vikabaki wazi. Wenzetu Uganda, mwisho wa mwezi huo huo, walipigwa marufuku hata kutumia magari binafsi. Rwanda wakaambiwa kila mtu abaki kwake. Kule Uingereza, ambako wapo wanaume wanaopenda magari ya kale kuliko wake zao, watu walibishana kama kulizungusha gari ili betri isife ni safari ya lazima. Sisi Kigoma hakukuwa na polisi wa kukuuliza unakwenda wapi. Kwa hiyo uamuzi ukabaki sebuleni kwetu, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Mama mkwe anaishi Ujiji, sisi tuko Mwanga. Ana sukari na presha. Tangu mzee afariki mwaka 2018, kila Jumapili mume wangu alikuwa akimpakia kwenye ile Land Rover, anampeleka mwaloni Kibirizi kununua samaki, halafu wanarudi taratibu wakipiga stori. Corona ilipoingia nikamwambia, “Baba watoto, hizi safari tuziache kwanza. Wewe unashinda na watu ofisini, na mama hali yake unaijua.”

Akanijibu, “Kwani serikali imemfungia nani? Na hili gari likikaa litakufa.”

Nikanyamaza. Wanawake wenzangu mnakijua kile kimya.

Jumapili moja ya Aprili akaenda. Baada ya saa mbili simu ikaita: gari limezima, karibu na soko la Ujiji. Kabureta imeziba, betri imechoka, na hendeli ya kuwashia kwa mbele ilishapotea zamani. Sasa utafanyaje? Lisukumwe! Na watu wa Ujiji si unawajua kwa kusaidia? Vijana tisa wakajitokeza, bega kwa bega, wanahema, wanacheka, wanapokezana. Barakoa hakuna. Na ndani kakaa mama, dirisha wazi, anawashukuru mmoja mmoja.

Jamani, nilikasirika. Gari zima linaweza kukutenga na watu, lakini gari la kale likizima linawaita. Namshukuru Mungu mama hakuumwa, ila zile siku 14 nilizihesabu kwenye kalenda ya jikoni, na usiku tulilala tumepeana migongo.

Siku tuliyoamua kuongea, mwenzangu alikuja na hoja yake. “Mbona mwaka 2015 Liemba ilifanya kazi?”

Hoja nzito, nakiri. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikwama kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikaingia, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Kagunga imebanwa kati ya mlima na ziwa. MV Liemba, meli iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikawa inakwenda na kurudi, inawaleta watu mjini, wanapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wanapelekwa kambi ya Nyarugusu. Chombo cha miaka 100 kilifanya kazi katikati ya mlipuko, na hakuna aliyekilaumu.

Nikamwambia, “Ni kweli. Lakini Liemba ilibeba watu ambao wangekufa wakiachwa. Wewe ulikuwa unabeba migebuka.”

Nilitegemea aje juu. Hakuja. Alitoka nje akaenda kukaa kwenye ile Land Rover, mikono kwenye usukani. Nikamfuata, nikakaa kiti cha pembeni. Akasema polepole, “Mke wangu, mlio wa hii injini ndio mlio wa baba akirudi kazini. Mama akiusikia anatabasamu. Ikifa hii, naona kama namzika mzee mara ya pili.”

Miezi yote ile nilidhani nagombana na gari, kumbe nagombana na msiba. Na yeye alidhani namwonea wivu mama yake, kumbe nilikuwa naogopa kumzika.

Tukakubaliana. Kila Jumamosi Land Rover inawashwa uani, inaungurumishwa nusu saa, inasogezwa mbele na nyuma ili breki zisigande. Siku nyingine waya wa betri unachomolewa. Na wakati injini inaunguruma, simu inapigwa Ujiji, mama asikilize. Dawa zake alipelekewa na mume wangu kwa gari letu la kawaida, anaziacha barazani, wanaongea kwa mbali. Mama alilalamika kidogo, halafu akazoea. Chanjo ilipozinduliwa Julai 2021, baadaye naye akachanjwa, na Jumapili za Kibirizi zikarudi. Safari ya kwanza nilipanda nyuma. Gari lilizima mara moja. Nikashuka nikasukuma mwenyewe, tena kwa raha zangu.

Wapenzi wasomaji, magonjwa ya mlipuko hayajaisha duniani, na siku nyingine amri haitatoka. Mtaamua wenyewe, wawili. Kabla hujawasha gari, jiulize: nani ataumia nisipokwenda? Nikikwama, nani atanisukuma, na ndani nimempakia nani? Halafu muulize mwenzako swali gumu kuliko yote: hiki unachokipigania, ni kitu gani hasa?

Mimi nilichelewa kuuliza. Wewe usichelewe. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.