Biharusi, Friji Utalijaza Nini?



Leo sizungumzii udi wala hina. Leo nataka tugombane kidogo, kwa ajili ya mvua.

Tangu Mfunguo Mosi nimeshatazama vyombo vya mabiharusi watatu. Friji, kabati la vioo, mapazia, mashaallah. Lakini paani hakuna gata, uani hakuna tangi, na mvua ya masika inamwagika bure. Nilipouliza nikajibiwa: "Kukinga mvua ni mambo ya kimaskini."

Ya kimaskini? Surat al-Furqan, aya ya 48, imeyataja maji ya mawinguni kuwa ni yenye kutwaharisha. Sisi tunayaonea haya, tukakesha kusubiri mfereji utoe!

Mimi niliolewa hivyo hivyo. Wiki ya kwanza, alfajiri, josho limetuwajibikia sote wawili, mfereji mkavu, ndoo tupu, na nje mvua inapiga. Mama mkwe hakusema neno. Alitoa masufuria akayapanga upenuni. Haya niliyoyaona siku ile sijayasahau.

Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa dogo la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000. Tuseme 200 zimepotea. Zimebaki ndoo 40 za lita 20. Nani atakutekea ndoo 40?

Wengine husema watachimba kisima. Maji ya kisima nayo ni mvua iliyozama ardhini, na huku pwani ukiyavuta kupita kiasi bahari huingia, kisima kikageuka chumvi.

Na kukinga peke yake hakutoshi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, kama kibaba. Sisi tunaacha mfereji wazi mpaka soga liishe! Tia udhu juu ya beseni. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, maji machache yaliyokwishatumika kwa udhu ni tohara ila hayatwaharishi, basi usiyatilie udhu tena. Mwagia mrihani na asumini.

Mvua ya kwanza iache ioshe bati. Tangi lifunike, tundu zitie wavu mbu asitage. Ya kunywa chemsha.

Masomo na makungwi, mnamfundisha mwari kujifukiza. Mfundisheni na kukinga maji. Mama wa biharusi, punguza kabati, nunua tangi. Nawe mwari, usione haya kumwambia mchumba wako. Matumizi ya nyumba ni juu yake: gata kwanza, ukumbi baadaye. Pazia likikosekana mtalala. Maji yakikosekana alfajiri, mtaswali vipi kwa wakati?

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinatosha udhu.

Wassalaam.