Shokapu ya Baskeli Ikishachoka, Tusiilazimishe



Harusi za Mfungo Mosi zimetuletea jambo ambalo miaka ya nyuma hatukuwa tukiliona sana. Pamoja na sanduku, doti za kanga, udi na seti ya vyombo, bwana harusi analeta na baskeli. Tunaliunga mkono jambo hili bila kusita. Mwalimu anayekwenda skuli ya kijiji cha pili, mkulima wa mwani, muuguzi wa kituo cha afya, wote hawa daladala haiwafikii kwa wakati wanaoutaka, na baskeli inamtoa mwanamke katika kusubiri hisani ya shemeji mwenye vespa. Tunachotaka kukisema leo kinahusu aina ya baskeli inayoletwa, na hasa kipande chake kimoja: shokapu za mbele.

Inayopendwa ni ile ya milimani, ya mtumba, yenye matairi mapana, gia nyingi na shokapu mbili zinazong'aa. Imeshuka kwenye kontena, ikapigwa rangi, ikafungwa utepe. Kwenye picha inapendeza. Rai yetu ni hii, na tunajua wapo watakaotununia: shokapu hiyo ikiwa imechoka, na mara nyingi inafika hapa ikiwa imechoka, isitengenezwe kwa kubahatisha wala isibadilishwe kwa shokapu nyingine ya rahisi. Itolewe, uwekwe uma mgumu wa chuma wa kipimo chake.

Tueleze kwa nini, maana wanawake tumezoeshwa kuambiwa "imeharibika mbele" bila kuambiwa kilichoharibika ni nini.

Shokapu ni miguu miwili. Kila mguu una bomba la juu, jembamba, linaloingia ndani ya bomba la chini lililo pana. Ndani mna springi, au hewa kwa zile za bei kubwa, na zile nzuri zina mafuta yanayopunguza kasi ya kurudi ili usukani usikurushe. Baina ya bomba na bomba mna bushi, yaani pete zinazozuia mabomba yasigongane, na juu yake imekaa sili ya mpira ya kuzuia vumbi. Dukani kila mtu anabonyeza usukani kuangalia springi. Lakini kinachokufa mwanzo kwa kawaida ni bushi na sili, na kwa kubonyeza tu huwezi kuvijua.

Kisiwa chetu kinaviua haraka. Bomba la juu la shokapu za rahisi ni chuma kilichopakwa kromu. Hewa ya chumvi ikikuta mkwaruzo mmoja tu, kutu inaanza, kromu inachubuka, na kila baskeli inapobonyea ule ubavu wenye kutu unaikwangua sili kama mbuzi ya nazi. Sili ikikatika, vumbi la mawe ya matumbawe linaingia, linachanganyika na grisi, linakuwa msasa. Anayeishi Jambiani au Nungwi na kuipitisha baskeli pwani maji yakipwa hana haja ya kusomewa zaidi.

Na kitu chenyewe hakikubuniwa kwa safari zetu. Kampuni ya RockShox ilianzishwa Marekani mwaka 1989, na mwaka 1990, kwenye mashindano ya dunia ya baskeli za milimani huko Durango, jimbo la Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka mlima kwa shokapu zao. (Mashindano hayo hayo Juliana Furtado alishinda mbio za nyika za wanawake, tunalitaja kwa wale wanaodai mambo haya ni ya wanaume.) Tangu hapo kila mtu akazitaka, na viwanda vikatengeneza za bei ndogo zenye umbo la zile za mashindano bila ya kilichomo ndani yake. Hizo ndizo nyingi zinazotufikia. Peke yake shokapu ya namna hiyo ina uzito wa kilo 2 na nusu hivi, wakati uma wa kawaida wa chuma ni kilo 1 na kitu. Na sehemu ya juu kabisa ya Unguja haifiki hata mita 150. Wapemba mna vilima vyenu, tunajua, lakini hata huko mnapanda kwenda shamba, hamteremki kushindana.

Kabla ya kuamua lolote, ipimeni wenyewe. Shika breki ya mbele. Weka vidole vya mkono wa pili pale bomba la juu linapoingia kwenye la chini, kisha isukume baskeli mbele na nyuma bila ya kuiachia breki. Ukihisi mchezo chini ya vidole, bushi zimeliwa. Ukiuhisi mchezo huo juu, karibu na usukani, hizo ni golori za kichwa cha baskeli, na dawa yake ni kukaza au kubadilisha golori, kazi ndogo. Fundi asikuuzie shokapu kwa sababu hiyo. Kisha tazama mabomba ya juu pande zote, hasa nyuma ambako wauzaji hawapigi kitambaa. Bonyeza kwa uzito wako mara tatu. Ikishuka isipande, au ikigonga chuma kwa chuma, springi au kilichobaki humo kimekwisha. Tafuta ufa pale miguu inapoungana juu na pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Ufa ukionekana, hakuna mjadala.

Mafuta yanayovuja miguuni nayo ni habari. Wengi tunayaona kwa kuwa yametia doa kwenye baibui (paka sabuni ya vyombo kabla ya kutia maji, usisugue), lakini ubaya wake hasa ni kwamba yakifika kwenye rimu au diski, breki ya mbele haishiki.

Hatusemi kila shokapu itupwe. Ikiwa ni ya kampuni inayojulikana, mabomba ni safi kama kioo, na tatizo ni sili tu, itengenezwe, kwani kutupa kizima ni israfu na dini yetu imelikemea hilo. Lakini jueni mnachokichukua. Watengenezaji wa shokapu nzuri wanaagiza miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na itiwe mafuta mapya kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha. Mwalimu anayepanda saa moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, anazifikisha saa hizo kwa wiki 10. Nani kati yetu atafungua shokapu kila wiki 10, na sili azipate wapi? Sili ya bomba la milimita 32 haikai kwenye bomba la milimita 30, na dukani utaambiwa "itaingia tu". Shokapu mpya ya kuaminika nayo huuzwa kwa mamia ya dola, mara nyingi zaidi ya bei ya hiyo baskeli nzima ya mtumba.

Ndipo yanapokuja matengenezo ya kubahatisha. Tumeona bushi zilizokatwa kwenye chupa ya plastiki. Tumeona mpira wa tyubu umevishwa juu ya kutu ili isionekane, na miguu iliyochomelewa isicheze tena. Miguu ya chini mingi ni ya alumini au magnesiamu, na gesi ya uchomeleaji ya mtaani haiungi vitu hivyo, inavilegeza. Jengine ambalo wachache wanalijua: kwenye shokapu nyingi mguu wa chini unashikiliwa na boliti moja tu iliyo chini kabisa, kila upande. Boliti hizo zikiliwa na kutu au zikilegea, siku gurudumu litakaporuka shimo miguu ya chini inaweza kuchomoka na wewe ukabaki na usukani mkononi.

Watu wa kutengeneza kila kitu hutujibu kwa sunna, na sunna ni kweli. Bi Aisha, Allah amridhie, imepokewa kwake kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Nasi tunashona, tunatia viraka, sufuria zetu tunazipeleka kwa fundi. Lakini kiatu kikikatika njiani unatembea peku. Uma ukikatika unaanguka kwa uso, na nyuma kwenye keria umempakia mtoto wa chuoni na mas-hafu yake. Hivi ni vitu viwili mbali mbali, na anayevichanganya hajawahi kupakia mtoto. Wanaosema "tawakkal" nao warejee kwa yule Bedui aliyeagizwa amfunge ngamia wake kwanza.

Basi mkienda kutafuta uma, msiende mikono mitupu. Mchukue ule wa zamani, au mwende na vipimo vyake: ukubwa wa gurudumu (nyingi ni 26), unene wa bomba linaloingia kwenye kichwa (inchi 1 na moja ya nane kwa wingi wake, inchi 1 kwa baskeli za zamani), urefu wa bomba hilo, kama lina nyuzi za kukazia nati au halina, na aina ya breki. Urefu wa uma wenyewe usidharauliwe. Shokapu yenye mchezo wa sentimita 10 kwa gurudumu la 26 ina karibu sentimita 47 kutoka ekseli mpaka chini ya kichwa, na uma wa kawaida una kama 41. Ukiuweka huo mfupi, baskeli inainama mbele, usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba na pedeli zinasogea karibu na ardhi. Upo uma mgumu uliotengenezwa makusudi kuchukua nafasi ya shokapu, wa sentimita 44 au 45. Huo ndio wa kuulizia.

Mtaambiwa uma mgumu unaumiza mikono. Kwenye matairi ya inchi 2, punguzeni upepo kidogo, msiyajaze mpaka yakawa jiwe. Ulaini mwingi wa baskeli unatoka hapo, na hauna sili wala bushi.

Kwa wauzaji tuna neno moja. Inajulikana kisa cha Mtume (S.A.W.) kupita sokoni, akatia mkono kwenye rundo la nafaka na kukuta chini ni mbichi, na jinsi alivyomkemea muuzaji. Rangi mpya juu ya bomba lenye kutu ni rundo lile lile. Na mnunuzi akigundua aibu aliyofichwa, sharia imempa haki ya kurudisha mali. Tuitumie haki hiyo kwa adabu, lakini tuitumie.

Mabibi harusi, baskeli ikiandikwa kwenye mahari au ikitolewa zawadi na kukabidhiwa, ni yako. Ukitaka kuitoa shokapu ili uweke uma, hiyo ni mali yako unaiendesha utakavyo, na hakuna haja ya kuogopa kwamba mawifi watasema umeichafua zawadi ya kaka yao. Mwambie bwana mapema na kwa upole, ikiwezekana kabla ya kununua: nataka baskeli ya uma mgumu, yenye keria imara na kinga ya cheni isiyoramba baibui. Tunadhani wengi watafurahi, maana itawapunguzia gharama. Masomo wanaowafunda mabibi harusi nao wanaweza kulitia neno hili baina ya mengine. Halina haya ndani yake.

Kwa fundi nendeni wawili, au na kaka, na msiiache baskeli mkaondoka. Kaeni muone inavyofunguliwa, muulize, na mkichukue kilichotolewa. Wapo mafundi wanaoheshimu kazi na hawachukii kuulizwa; anayekasirika kwa kuulizwa, mhameni. Akimaliza rudieni kipimo cha breki na vidole hapo hapo, kisha pandeni bila mtoto kwa siku mbili tatu. Baada ya wiki irudisheni akaze kichwa tena, kwani golori mpya hulegea kidogo zikishajipanga.