Mchezaji wa Zamani Aseme, Lakini Aseme Yote



Mchezaji akiisha kuacha mpira, mara nyingi twamsikia redioni akiwahukumu vijana wa timu yake ya zamani. Fulani mvivu, fulani hana moyo, kipa ni mlango wazi. Wako wanaomwita msaliti. Sisi hatusemi hivyo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyevaa jezi ile ajua mambo ya ndani kuliko sisi tulio ukingoni mwa uwanja. Ni haki yake kusema. Tunauliza neno moja tu: anamsema nani, na anamnyamazia nani?

Tukumbuke Leopards wa mwaka 1974. Mwezi wa Machi walishinda Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba akafunga mabao 9. Mwezi wa Juni wakaenda Ujerumani ya Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Walifungwa na Scotland 2–0, na Yugoslavia 9–0, na Brazili 3–0. Siku ya Brazili, Wabrazili walipokuwa tayari kupiga mpira wa adhabu, Mwepu Ilunga alichomoka ukutani akaupiga yeye, ukaenda mbali. Ulimwengu ukacheka: Waafrika hawajui sheria!

Miaka mingi baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua. Wachezaji walikuwa hawajalipwa fedha walizoahidiwa, na baada ya yale mabao 9 watu wa Mobutu waliwatisha wasifungwe na Brazili zaidi ya mabao 3. Mchezaji wa zamani hufaa nchi namna hiyo. Mabao 14 hakuyaficha, lakini aliuonyesha mkono ulioshika mfuko.

Na ninyi mnaotazama mpira wa Uingereza mnamjua Gary Neville, aliyechezea Manchester United tangu 1992 hata 2011. Huwakemea wachezaji, na jamaa ya Glazer wenye timu huwakemea vile vile.

Wachimbaji wa Kilo na Mongbwalu hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Wanamjua kapita aliyetoka shimoni jana, na leo anawapigia wenzake kelele kwamba ni wavivu, lakini juu ya mshahara uliochelewa hamwambii mkubwa neno. Mtu huyo husema nusu ya kweli, na nusu hiyo humfaa mwenye mfuko.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 haukuja kwa ajili ya bendera tu. Ulikuja ili mwananchi apate kumwuliza mkubwa hesabu. Basi mchezaji wa zamani akisema kijana amecheza vibaya, tumsikilize. Kisha tumwulize: kijana huyo amelipwa? Ana viatu? Fedha za mlangoni zimeingia mfuko wa nani? Akijibu, ni mwenzetu. Akinyamaza, tuzime redio, twende uwanjani tukajionee wenyewe.