Kichwa cha Ukurasa wa Afya Kiandikwe kwa Neno la Mgonjwa

Mzazi ambaye mtoto wake amekakamaa na kutetemeka usiku kwa homa hatafuti "usimamizi wa malaria kali kwa watoto walio chini ya miaka mitano". Hushika simu na kuandika neno moja alilolijua tangu utotoni: degedege. Kinachomjia mbele ya macho ni orodha ya matokeo, kila moja likiwa na kichwa cha ukurasa fulani na chini yake maneno machache ya maelezo. Hapo, katika sekunde chache, mzazi huyo huamua aguse mstari upi. Kurasa zilizoandikwa na madaktari bingwa na kuhaririwa kwa miezi huweza kuwapo mahali fulani katika intaneti asizione kamwe, kwa kuwa neno alilolitumia halimo katika vichwa vyake.

Kichwa kinachozungumzwa hapa si lazima kiwe kile kilichoandikwa kwa herufi kubwa juu ya makala yenyewe. Kila ukurasa wa tovuti hutakiwa kubeba, ndani ya msimbo wake, mstari mmoja unaoutambulisha kwa mashine. Mstari huo ndio ambao Google na injini nyingine za utafutaji huuchukua mara nyingi na kumwonyesha mtafutaji. Katika taasisi nyingi haukuandikwa na mtu aliyesomea afya. Umejazwa na fundi wa TEHAMA siku ya kupandisha ukurasa, au umejijaza wenyewe. Ndiyo maana msomaji hukutana na vichwa kama "Mwanzo", "Makala" na "Nyaraka", au, pale mwongozo unapopandishwa ukiwa faili la PDF, jina la faili kama lilivyokuwa katika kompyuta ya ofisi: "Mwongozo wa mwisho kabisa 2". (Wanaojua maisha ya ofisini hutambua kwamba upo na wa tatu.)

Jambo hili linashangaza zaidi kwa sababu taaluma ya tiba ilitambua mapema sana uzito wa vichwa na istilahi za kutafutia. Mwaka 1879 daktari wa jeshi la Marekani, John Shaw Billings, alianzisha Index Medicus, faharasa iliyowawezesha madaktari kuyapata maandishi ya wenzao kwa mada. Mwaka 1960 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo ikatoa orodha maalumu ya istilahi za kuainishia makala, ambayo hadi leo ndiyo uti wa mgongo wa utafutaji katika PubMed. Miongozo ya CONSORT inamtaka mtafiti aliyefanya jaribio la kitabibu kwa kugawa washiriki kibahatinasibu aseme hivyo katika kichwa chenyewe cha makala. Uangalifu wote huo ni wa daktari kwa daktari. Mgonjwa, ambaye hana faharasa ila simu yake, huachiwa "Makala".

Neno degedege linastahili kuangaliwa kwa kina, maana ndani yake zimo karibu hoja zote za suala hili. Katika pwani ya Tanzania jina hilo hutaja hali ya mtoto mwenye homa kukakamaa, kutetemeka na kugeuza macho. Wengi wameamini kwamba huletwa na shetani, au na dege apitaye juu ya mtoto usiku. Tafiti zilizofanywa wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba imani hiyo iliwafanya baadhi ya wazazi kuanza kwa mganga wa jadi kabla ya kwenda hospitali, na kwamba iliambatana na hofu kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Nyuma ya jina hilo moja yaweza kuwapo malaria kali, homa ya uti wa mgongo, au mtukutiko wa kawaida wa homa ambao hupita bila madhara makubwa. Mzazi hawezi kuyatofautisha nyumbani. Kwa hiyo degedege ni dalili ya hatari inayotaka mtoto apelekwe haraka kwa mhudumu wa afya.

Ukurasa ambao kichwa chake ni "Malaria Kali" humhudumia yule anayejua tayari kwamba mtoto wake ana malaria kali, yaani mtu ambaye kwa kawaida yuko wodini. Kinyume chake, kichwa kinachosema "Degedege na homa kali kwa mtoto: mpeleke hospitali sasa" hukutana na mzazi pale alipo, kwa jina analolijua, na kumwambia la kufanya. Kina herufi 55 kwa kuhesabu nafasi, hivyo kina nafasi nzuri ya kuonekana chote hata katika simu ndogo. Kina faida nyingine isiyofikiriwa sana. Watu wengi hununua intaneti kwa vifurushi vidogo, na baadhi yao husoma orodha ya matokeo bila kufungua ukurasa wowote. Kwa msomaji wa namna hiyo kichwa ndicho ushauri wote atakaoupata. Basi pale penye dharura, agizo liwe katika kichwa, lisingoje aya ya nne.

Ugumu wa aina nyingine umo katika kifafa cha mimba. Jina lina mtego: mjamzito ambaye hajawahi kuanguka kifafa, wala katika ukoo wake hakuna mwenye ugonjwa huo, hudhani halimhusu. Tena wakati wa kuokoa ni kabla ya kifafa chenyewe, pale shinikizo la damu linapopanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito na dalili zinapoanza kujitokeza: maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, maumivu ya juu ya tumbo. Mwanamke aliye katika hali hiyo hatafuti jina la ugonjwa, kwa sababu halijui. Hutafuta kichwa kinachomuuma. Taasisi inayotaka kumfikia haina budi kuwa na ukurasa unaoitwa, kwa mfano, "Mjamzito na maumivu makali ya kichwa: dalili ya hatari", na ndani yake aelezwe kifafa cha mimba ni nini. Ukurasa mmoja wenye jina la ugonjwa hautoshi. Dalili nazo zinahitaji milango yake.

Ufinyu wa nafasi ni kikwazo halisi, hasa kwa Kiswahili, ambacho majina yake ya kitaalamu hayakuumbwa kwa kubana maneno. Google haiweki idadi maalumu ya herufi, bali hukata kichwa kulingana na upana wa kioo, na kwa makadirio ya kawaida kinachozidi herufi 60 kimo hatarini. "Presha ya kupanda (shinikizo la juu la damu)" pekee hula herufi 44. Jina tukufu la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, likiandikwa kwa ukamilifu, lina herufi 51. Taasisi yoyote yenye jina la urefu huo ikiliweka mwanzoni mwa kila kichwa itakuwa imejitangaza vizuri, na msomaji hatajua ukurasa unahusu nini. Jina la taasisi lina thamani, kwani humhakikishia msomaji kwamba aliyeandika ana dhamana. Mahali pake ni mwishoni, tena kwa kifupisho kinachojulikana.

Wapo wanaoipuuza kazi hii kwa hoja kwamba Google hubadilisha vichwa itakavyo. Ni kweli kwamba injini hiyo huweza kuweka maneno mengine badala ya kichwa kilichoandikwa, na mwezi Agosti 2021 ilitangaza mfumo mpya wa kufanya hivyo. Lakini vichwa vinavyobadilishwa zaidi ni vile vilivyo tupu, virefu kupita kiasi, vilivyorudiarudia maneno, au vilivyonakiliwa katika kila ukurasa wa tovuti. Kichwa kifupi, cha pekee na kinachoeleza kweli kilichomo hubaki mara nyingi kama kilivyo.

Walioelewa haya yote mapema ni wauzaji wa dawa zisizothibitishwa. Hawaandiki "shinikizo la juu la damu", huandika "presha". Hawaandiki "selimundu", huandika "sikoseli". Wanajua kwamba baada ya neno kisukari mgonjwa huongeza neno "dawa", na baada ya hilo huongeza "kupona kabisa". Vichwa vyao vina kila anachotamani mgonjwa, isipokuwa ukweli. Kuwalaumu kunaeleweka. Lakini sehemu ya uwanja wanaoutawala imeachwa wazi na wale wenye elimu, ambao waliandika ukweli na kuufungia chini ya jina ambalo hakuna anayelitafuta.

Jibu, hata hivyo, si kuwaiga katika ahadi. Kuna tofauti kubwa kati ya "tiba ya kisukari" na "matibabu ya kisukari": sikioni mwa mgonjwa la kwanza huweza kuahidi kupona, na la pili huahidi huduma. Mwandishi wa afya anayechagua la kwanza kwa sababu linavuta watu zaidi amefanya kosa la kitaaluma, sawa na mfamasia anayebandika kibandiko kisicholingana na kilichomo chupani. Vichwa vya kushtua navyo, vya namna ya "dalili saba usizozijua", vinapaswa kuachwa. Mgonjwa aliyevutwa kwa hofu akakuta ndani maelezo ya kawaida ataondoka na hofu yake, na safari nyingine hataamini.

Wahudumu wa afya wenyewe nao ni watafutaji. Tabibu wa zahanati aliye peke yake zamu ya usiku huutafuta mwongozo kwa simu ileile, na kwake hatari kubwa ni mwongozo usio na mwaka. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2001 na kuweka SP, kisha mwaka 2006 ikaingia kwenye dawa mseto ya ALu. Hati ya kila kipindi ingeweza kuitwa, kwa haki kabisa, "Mwongozo wa Matibabu ya Malaria", na injini ya utafutaji haijui kwamba mmoja umefutwa na mwingine. Mwaka uliomo katika kichwa hulinda kipimo cha dawa. Vilevile kichwa kiseme ukurasa ni wa nani. Maelezo ya dozi ya magnesiamu salfeti yaliyoandikwa kwa ajili ya wakunga hayapaswi kumfikia mjamzito kana kwamba ni ushauri wake wa nyumbani, na maneno mawili tu, "kwa wahudumu", yanatosha kumwonyesha kwamba amegonga mlango usio wake.

Pingamizi lenye heshima zaidi hutoka kwa wapenzi wa lugha. Miaka mingi, husema, imetumika kujenga istilahi safi za Kiswahili, na sasa taasisi za elimu ya juu zinaombwa zirudi kwenye "presha" na "kansa". Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mlango na chumba. Neno UVIKO-19 liliundwa kwa ufundi mzuri kutokana na Ugonjwa wa Virusi vya Korona, na likatumika katika matangazo rasmi, huku mitaani watu wakiendelea kusema korona. Ukurasa wenye maneno yote mawili katika kichwa ulimfundisha msomaji lile jipya kwa kupitia lile alilolijua. Ukurasa wenye neno rasmi peke yake ulijinyima wasomaji wasiolijua, na istilahi hailei mtu asiyefika ilipo. Kuhusu shaka kwamba kuandika degedege ni kuupa ushirikina hadhi, kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba lalamiko kuu la mgonjwa huandikwa katika jalada kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na utambuzi wa kitaalamu hufuata chini yake. Hakuna aliyewahi kusema utaratibu huo unaidhalilisha sayansi.

Maneno ya wagonjwa hayapatikani kwa kukisia ofisini. Yamo katika benchi la kusubiri, katika dirisha la mapokezi na katika madaftari ya wagonjwa wa nje. Yamo pia katika simu, kwani aandikaye "mjamzito" katika kisanduku cha Google huletewa papo hapo mapendekezo yanayotokana na yale ambayo wengine wameyatafuta. Huduma ya Google Search Console, isiyolipiwa, humwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyowaleta wasomaji wake, na hata yale ambayo kwayo ukurasa ulionekana bila kuguswa. Fundi wa TEHAMA anaweza kuyachapa na kuyakabidhi. Kuyapima ni kazi ya muuguzi na tabibu, wakiwa na mtu wa tatu asiye wa fani ambaye husomewa kichwa na kuulizwa anatarajia kukuta nini ndani. Akijibu tofauti na kilichomo, kichwa kiandikwe upya, na jina la aliyekiidhinisha liwekwe katika kumbukumbu kama inavyofanywa kwa mwongozo wowote wa tiba. Taasisi yenye kurasa mia mbili haitazimaliza kwa siku moja wala haihitaji kufanya hivyo. Ianze na zile zinazohusu homa za watoto, na izimalize kabla ya mvua za masika.