Udi wa Shanghai

Wako wasemao kwamba mwandishi aliyetoa hadithi za mapenzi huko Shanghai, chini ya bunduki za Wajapani, aliwasaliti Wachina wenziwe. Mimi siafiki, ingawa hoja yao si nyepesi.

Wajapani waliliteka eneo la kimataifa la mji huo Desemba 1941. Waandishi wengi walihama, wengine wakanyamaza. Lakini raia waliobaki walitaka kusoma, na majarida kama Wanxiang, Ziluolan na Zazhi yaliwapa hadithi za ndoa, mali na fitina za nyumbani, kwani siasa haikugusika.

Mwaka 1943, Ziluolan lilichapisha hadithi mbili za Bibi Zhang Ailing, aliyekuwa na miaka 22. Zote mbili amezipa jina la udi, udi huu huu tuufukizao katika vyetezo vyetu. Ya kwanza ni ya msichana aliyeharibikiwa nyumbani kwa shangazi yake Hong Kong. Wangapi kwetu hawajaisikia habari kama hiyo? Usaliti uko wapi hapo?

Kinachonitatiza ni Zazhi. Jarida hilo lilikuwa na mkono wa Wajapani, nalo ndilo lililomtolea kitabu mwaka 1944. Ke Ling, mhariri wa Wanxiang, alikuwa amemsihi asiwe na haraka. Hakusikia.

Na Ke Ling naye? Alikuwa akihariri jarida la hadithi tu, na polisi wa jeshi la Kijapani walimkamata. Wao hawakuziona hadithi kuwa ni upuuzi.