Mlangoni mwa Soko la Chai, Twanywa Vumbi

Mtu wa pwani hana haja ya kufunzwa kunywa chai. Akitoka msikitini alfajiri huikuta yamngoja, na mahamri yake na mbaazi. Saa nne huipata kazini, alasiri huipata barazani, na usiku, hata kama amekula wali wa nazi mpaka akalegea, hasemi ameshiba mpaka apate kikombe. Akifiwa hupewa chai. Akienda kuposa hupewa chai, na akikataliwa posa hupewa chai vile vile ili asitoke akawasema watu. Kwa hivyo msomaji anayeona kwamba leo nimekusudia kuzungumza juu ya kununua na kutengeneza chai ana haki ya kuniuliza: je, bwana, umekosa la kusema?

La, sikukosa. Miaka mitatu iliyopita daktari aliitazama karatasi yangu ya damu, akatikisa kichwa, akaniambia, "Mzee, sukari basi." Nikarudi nyumbani Mtwapa nikamwomba mwenzangu anitilie chai bila ya sukari. Nilipopiga funda la kwanza nilidhani amekosea akanipa maji aliyosuzia sufuria. Yalikuwa machungu yasiyo na ladha, yakikwaruza ulimi, na harufu yake kama ya gunia. Nikamwuliza, "Hii ni chai gani?" Akanijibu, "Ni ile ile yako ya siku zote. Nilichoondoa ni sukari tu."

Maneno hayo hayakunitoka. Kumbe kwa zaidi ya miaka arubaini nimekuwa nikinywa sukari iliyotiwa rangi, na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu barazani kwamba naijua chai!

Basi nikaanza kuuliza. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba chai zote za ulimwengu, nyeusi, ya kijani, nyeupe na ile ya Kichina iliyo baina ya nyeusi na kijani, hutokana na mti mmoja. Kinachozitenga ni mikono ya watu. Jani la chai nyeusi hunyaushwa, likasokotwa, likaachwa lipigwe na hewa mpaka ligeuke rangi, kisha likakaushwa. La kijani huwahiwa kwa moto au mvuke kabla halijageuka. Tangu miaka ya 1930 pakazuka mashine, asili yake ni Assam huko Bara Hindi, ambayo hulisaga jani, ikalirarua na kulikunja likawa chembe chembe. Chai nyingi mno ya Kenya hutengenezwa kwa njia hiyo. Sisemi ni mbaya. Hutoa rangi upesi, ina nguvu, na hustahimili maziwa na tangawizi. Ndiyo maana Wapakistani na Wamisri huigombania. Lakini chembe hizo nazo zina madaraja yake, na daraja za mwisho, wenyewe wenye biashara huziita vumbi. Si tusi, ndilo jina lake sokoni. Aghalabu vumbi hilo ndilo lililomo katika pakiti zetu, na katika vile vifuko vya karatasi vyenye uzi ambavyo vijana wetu huona ndio ustaarabu.

Sasa tazama mahali tulipo. Ukitoka hapa Mtwapa ukavuka daraja, ukapita Shanzu na Bamburi, ukaingia kisiwani kwa Nyali, umefika katika mji wenye mnada wa chai ulio miongoni mwa minada mikubwa kabisa ulimwenguni. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, na mwaka 1969 ukahamishiwa Mombasa kwa sababu ya bandari. Huuzwa humo chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi, ya Tanzania, ya Malawi na hata ya Kongo. Maonjaji wa makampuni huenda kwenye safu za vikombe, wakafyonza kwa kijiko, wakatema, wakaandika. Chai nzuri na mbaya yote yatupita hapo mbele ya pua zetu, yapakiwa Kilindini, yaenda zake. Baadaye jamaa akirudi kutoka Ghuba hutuletea kopo lenye nakshi, nasi tukamshukuru kwa chai ya ng'ambo. Tangu mwaka 2005 Dubai wana kituo chao cha chai pale Jebel Ali, ambapo chai za nchi nyingi huchanganywa na kupakiwa upya, ya Kenya ikiwamo. Huenda basi zawadi ile iliondoka Mombasa, ikaenda kubadilishwa kanzu, ikarudi Mtwapa kuwa mgeni.

Mpwa wangu mmoja anafanya kazi katika gudauni la chai huko Mombasa. Nilipomlalamikia alicheka, akasema, "Mjomba, hujapata kuliona jani." Wiki ya pili akaniletea kifuko kidogo cha majani yaliyosokotwa mazima, marefu kama nyuzi za katani, meusi yenye ncha za dhahabu. Nikadhani yametoka Ceylon. Akaniambia yametoka Kirinyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Nikatia kijiko kimoja kwa kikombe, nikamwagia maji yachemkayo, nikafunika, nikangoja. Ikatoka chai ya rangi ya shaba iliyosuguliwa, yenye harufu ya asali na majani mabichi. Sikuitia sukari, wala sikuikumbuka.

Nimesema nikangoja, na hapo ndipo penye kazi. Sisi tumezoea kupika chai kama tupikavyo maharage. Majani, maji, maziwa, iliki, vyote jikoni pamoja, vikachemka mpaka jirani akajua. Kwa zile chembe na kwa chai ya maziwa, njia hiyo ni sawa, nami sitamvunjia heshima yeyote apikaye chai ya maziwa ya mdalasini na tangawizi iliyopondwa. Hicho ni kinywaji chake mwenyewe na kina utamu wake. Lakini jani zima halipikwi, huloweshwa. Lipashe buli moto kwanza kwa maji uyamwage. Tia majani, kijiko kwa kikombe, mimina maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi, funika, utazame saa: dakika nne, zisizidi tano. Kisha chuja yote, usiyaache majani yakalala ndani, kwani hapo ndipo uchungu unapotoka. Ikiwa ni chai ya kijani usiimwagie maji yafokayo. Yaache kwanza yapumue dakika kadhaa, na dakika mbili au tatu za kuloweka zatosha. Wengi walioonja chai ya kijani wakaitemea mate walionja chai iliyounguzwa.

Kuna na jambo la maji. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake ni mazito, mengine yana chumvi. Chai ya maji hayo huwa na giza, ikafanya utando juu, na harufu ikafa. Maji ya bomba ya Baricho ni afadhali yakipatikana, na siku tuzijuazo huwa hayapatikani. Mimi hukinga ya mvua. Wazee hawakuwa wajinga: nenda Jumba la Mtwana, hapo hapo Mtwapa ufuoni, utazame visima na mabirika ya watu waliouacha mji ule zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Kiswahili chetu kimeliweka neno moja, birika, kwa hodhi la kuwekea maji na kwa chombo cha kuchemshia chai. Vigae vya bakuli za Kichina vimefukuliwa pale pale. Vyombo vya China vilitufikia karne nyingi kabla ya chai kuwa ya kila nyumba. Hapa Kenya kwenyewe mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903.

Najua nitaambiwa kwamba chai bila sukari ni mambo ya Wazungu. Nataka kulijibu hilo kwa upana kidogo, maana ndilo linalonichoma.

Kahawa tumeinywa lini na sukari? Muuza kahawa apita na dele lake na vikombe vyake vikigongana, akumiminia kahawa chungu kama shubiri, nawe waishukuru. Utamu wautafuna kando: tende, au kipande cha halwa, au kashata. Hakuna aliyewahi kumwita muuza kahawa bakhili. Wazee wetu basi walijua kwamba utamu mahali pake ni mkononi na uchungu ni kikombeni, na kwamba kila kimoja humpa mwenziwe ladha. Wairani hufanya hivyo kwa chai: huweka kipande cha sukari baina ya meno, wakanywa chai kavu juu yake. Wajapani huinywa ya kijani bila kitu chochote. Ni kweli Wamorocco hutia sukari nyingi katika chai yao ya kijani ya Kichina na nana, lakini hata huko kikombe ni bilauri ndogo. Sisi twajaza magi, vijiko vinne, mara tano kwa siku, na bado mahamri yenyewe yana sukari.

Matokeo twayaona. Katika mtaa ninaokaa nawahesabu kwa vidole waliokatwa mguu kwa ajili ya maradhi ya sukari, na vidole vyakaribia kwisha. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa chuoni, tuliyeanza naye juzuu moja kwa mwalimu mmoja. Nilipokwenda kumtazama, nyumba ikaniletea chai kwa heshima. Nikaionja. Ilikuwa tamu kama shira, na yeye mgonjwa alikuwa anayo ya aina hiyo hiyo mkononi. Nikamtazama mkewe, akanambia kwa sauti ya chini, "Tutamnyima vipi mbele ya mgeni, shekhe?" Sikuweza kumjibu, maana mgeni mwenyewe alikuwa mimi.

Kwa hivyo rai yangu ni ndogo mno. Nyumba itoe chai bila sukari, na bakuli la sukari liwe kando na kijiko chake. Atakaye ajitilie. Hapo hapana ubakhili wala kumwaibisha mtu, na mwenye maradhi hatalazimika kuyatangaza barazani. Nimeliomba hili katika maulidi ya mtaani kwetu, nikajibiwa kwamba itachelewesha ugawaji. Siku hiyo hiyo ugawaji wa pilau ulichukua saa mbili, na hapana aliyenung'unika.

Ama kununua: usinunue kwa uzuri wa kopo. Niliwahi kudanganywa na duka moja kwa bei ambayo sitaitaja, nikauziwa majani ya Ceylon yenye neno la Kiingereza lililo sawa na chungwa juu ya kopo. Muuzaji akaniapia kwamba yametiwa maganda ya machungwa. Neno lile ni jina la daraja ya jani tu, halina uhusiano wowote na tunda, na majani yenyewe yalikuwa yamelala mpaka yakawa kama makapi ya mpunga. Jani zuri lina uzito wa harufu. Ukiliweka kiganjani ukalipulizia pumzi ya moto, linukie. Nunua kidogo kidogo, gramu mia moja, kwani hewa yetu ya bahari huyalegeza majani upesi. Yaweke katika mkebe unaofungika, na mbali, nasisitiza mbali, na mkebe wa bizari. Chai hunyonya kila harufu iliyo jirani yake. Nimekunywa kwa watu chai yenye ladha ya binzari nyembamba, nikaisifu kwa adabu.

Na wanaopenda mageni wasiende mbali. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kenya walitoa mche wa majani ya zambarau. Ukiikamulia ndimu chai yake, rangi hugeuka ikaelekea uwaridi mbele ya macho yako. Wajukuu wangu hunifanya niirudie kama mchezo wa mazingaombwe.

Jumamosi hii mpwa wangu ataniletea robo kilo ya yale majani marefu. Jirani yangu, ambaye kwa miezi sita amekuwa akisema nimekuwa bakhili wa sukari, jana alinipa pesa zake na yeye aletewe. Ameniomba tu nisimwambie mkewe kwamba ni ya kunywa kavu.