Neno la Mhariri: Kabla ya Kingamwili, Formalini

Msomaji atakayelifungua toleo hili akitaraji habari za kingamwili zinazobainisha uvimbe wa tishu laini atazipata. Lakini kabla hajazifikia twamsihi asimame kidogo penye kichupa cha formalini, kwa kuwa rai yetu ni kwamba ithibati ya maradhi haya aghalabu hupotea chumba cha upasuaji, hata kipande cha uvimbe hakijapakiwa garini.

Tuchukue saratani ya kaposi, ambayo Moritz Kaposi aliieleza mwaka 1872, nao matabibu wa Afrika Mashariki wakaijua zamani kabla ya UKIMWI, hata wakakutana Kampala mwaka 1961 kuijadili. Mkoani Kagera, walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania mwaka 1983, iliwajia watu kwa ukali usiozoeleka. Vinundu vyeusi mguuni humfanya tabibu aitaje mara moja, na mara nyingi husibu. Ila uvimbe wa mishipa ya damu usio na dhara, na hata maambukizi ya bakteria, huweza kuja kwa sura hiyo hiyo, ilhali matibabu yake ni mbali kabisa. Hapo ndipo kingamwili ya LANA-1 inapokata shauri: huisaka protini ya kirusi cha HHV-8, ambacho Yuan Chang na Patrick Moore walikigundua mwaka 1994, na kirusi kikiwamo, viini vya seli huonekana kwa hadubini vimejaa vitone vya kahawia.

Kingamwili ya CD34 haina yakini hiyo, kwani huipaka rangi mishipa ya damu na vivimbe vingine chungu nzima. Desmini huelekeza kwenye misuli, S100 kwenye ala za neva, na asomaye rangi pasipo kusoma umbo la seli ni kadhi anayehukumu kwa shahidi mmoja.

Sasa kipande kilichokatwa hospitali ya Murgwanza, wilayani Ngara, sharti kipite Lusahunga, Biharamulo na Geita, kivuke ziwa penye Kigongo–Busisi, ndipo kifike hospitali ya Bugando, Mwanza. Kikitiwa mara moja katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo mara kumi ya ujazo wake, kitafika salama. Kikifungwa kwa shashi yenye maji ya chumvi, kitaoza njiani. Kikiwa kinene na hakikupasuliwa, kitaoza kiini. Na kikisahauliwa katika formalini kwa majuma, protini zake hufungamana hata kingamwili isizifikie.

Wapo wasemao kingamwili ni anasa ya miji mikubwa. Sisi twaona LANA-1 peke yake, ikitumiwa kwa hadhari pamoja na vipande vya kulinganishia, yawafaa watu wa Ngara na Biharamulo kuliko seti ya kingamwili ishirini zinazokwisha muda kabatini. Na fomu inayoambatana na kipande iandikwe saa ya kukata, saa ya kutia formalini, mahali pa uvimbe, na hali ya VVU. Kwani fomu yenye jina la mgonjwa na neno “uvimbe” tu humwacha mpatholojia wa Mwanza akibahatisha aanze na kingamwili ipi, na kila moja ina bei yake.